Tezi ya Nyoka Bila Nyoka: Sayansi ya Kukuza Tishu Hai Inavyoigusa Taita Taveta

Asilimia 62 hivi ya eneo la Kaunti ya Taita Taveta ni mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Wakazi wa Voi, Maungu, Sagalla, Kasigau, Mwatate na Taveta wanalima, wanachunga na kukata mkonge katika sehemu iliyobaki, wakipakana na wanyamapori kila upande. Ndovu akivamia shamba la mahindi, habari hutangazwa redioni kabla jua halijatua. Nyoka akimuuma mchungaji, au mama aliyekwenda kutafuta kuni, mara nyingi habari hiyo haivuki mipaka ya kijiji.

Ilhali kuumwa na nyoka ni janga la afya lenye takwimu nzito. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba watu milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka. Kati ya 81,000 na 138,000 hufariki, na wanaokatwa kiungo au kubaki na ulemavu wa kudumu ni karibu mara tatu ya idadi hiyo. Juni 2017 shirika hilo liliweka tatizo hili kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa, na mwaka 2019 likaweka lengo la kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo 2030.

Wakati huohuo, maabara za Ulaya, Marekani na Japani zimekuwa zikikuza tawi changa la sayansi: biolojia sanisi ya ukuaji wa viumbe. Watafiti wake huchunguza jinsi kiinitete kinavyojijenga tumboni au ndani ya yai, kisha hutumia kanuni zilezile kuziongoza seli zijenge tishu changamano nje ya mwili. Kazi za aina hii zimekwisha kutoa tezi ya nyoka inayozalisha sumu bila nyoka mwenyewe, na ngozi ya binadamu inayoota nywele. Mambo hayo mawili yanaihusu Voi moja kwa moja, maana sumu na ngozi ndizo zinazokutana pale nyoka anapouma.

Nyoka wa nyika ya Tsavo

Nyika kavu inayoizunguka Voi ni makao ya nyoka kadhaa wenye sumu kali. Kifutu ni mnene, ana rangi za majani makavu na mchanga, na hutegemea kutoonekana. Mtu akipita karibu, hatoroki. Anatulia palepale hadi anapokanyagwa. Sumu yake huvimbisha kiungo, huharibu nyama na huvuruga damu. Koboko ni mwepesi, na sumu yake hushambulia neva hadi misuli ya kupumua ikalegea. Swila mwekundu anayetema mate hupenda maeneo makame, na usiku huweza kuingia nyumbani akifuata vyura na panya.

Yuko pia swila mkubwa anayetema ambaye sayansi ilimtambua kama spishi ya pekee mwaka 2007 tu. Jina lake la kisayansi, Naja ashei, linamkumbuka James Ashe, mwanzilishi wa kituo cha nyoka cha Bio-Ken kule Watamu. Swila huyo hupita mita mbili kwa urefu, na mmoja aliyekamuliwa Watamu mwaka 2004 alitoa mililita 6.2 za sumu kwa mkupuo mmoja. Sumu ya swila watemao hupofusha ikiingia machoni bila kuoshwa, na wanapouma huozesha ngozi na nyama ya eneo hilo. Mgonjwa anaweza kupona na bado akapoteza kidole, mguu au uwezo wa kushika jembe.

Dawa inayotegemea farasi

Dawa ya kupambana na sumu ya nyoka inatengenezwa hadi leo kwa njia ya miaka ya 1890, enzi za Albert Calmette wa Taasisi ya Pasteur. Nyoka hukamuliwa sumu. Farasi hudungwa kiasi kidogo cha sumu hiyo, kikiongezwa polepole, hadi mwili wake unapotengeneza kingamwili za kutosha. Damu ya farasi huchukuliwa, kingamwili zikachujwa, zikatiwa kwenye chupa ndogo za kudunga. Dawa hii imeokoa watu wengi, na hadi sasa ndiyo tiba kuu.

Lakini ina udhaifu. Kwa kuwa inatokana na damu ya mnyama, baadhi ya wagonjwa hupata mzio mkali, ndiyo maana haifai kutolewa mahali pasipo na mhudumu wa afya na adrenalini. Pia kingamwili huitambua hasa sumu ya nyoka aliyetumika kuzitengeneza. Vital Brazil, daktari wa São Paulo, alionyesha zaidi ya miaka 120 iliyopita kwamba dawa ya Calmette, iliyotokana na swila wa Asia, haikuwafaa wagonjwa walioumwa na nyoka wa Brazil.

Funzo hilo linaihusu Kenya, nchi inayoagiza dawa hizi kutoka nje. Mwaka 2017 utafiti ulioongozwa na wanasayansi wa Liverpool, Uingereza, ulipima kwa panya dawa zilizokuwa zikipatikana Kenya, na ukagundua kwamba baadhi hazikuweza kuzima sumu za nyoka kadhaa wa Afrika Mashariki. Miaka mitatu kabla ya hapo, kampuni ya Sanofi ilikuwa imeacha kutengeneza Fav-Afrique, moja ya dawa zilizotegemewa barani, na chupa za mwisho ziliisha muda wake Juni 2016. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Jamii iliyoshuhudia mgonjwa akidungwa dawa isiyofaa hupoteza imani na hospitali, na anayefuata kuumwa hupelekwa kwanza kwa mganga mwenye jiwe jeusi linalodhaniwa kunyonya sumu.

Seli hujuaje kazi yake?

Ili kuelewa jinsi maabara inavyoweza kukuza tezi, turudi kwenye swali la msingi. Nyoka huanza akiwa seli moja ndani ya yai. Seli hiyo hugawanyika mara nyingi, na kila seli inayozaliwa hubeba maelekezo yaleyale ya DNA. Iweje basi hizi ziwe jicho, hizi ubavu, na hizi tezi ya sumu?

Jibu ni mawasiliano. Seli hutoa kemikali ambazo huwa nyingi karibu na chanzo na kupungua kadiri zinavyosambaa, na seli nyingine hukadiria zilipo kwa kupima wingi wa kemikali hizo. Seli pia hugusana, na mguso huo huwasha au kuzima jeni. Ni kama mafundi wanaojenga nyumba bila msimamizi: kila mmoja anatazama alichofanya jirani yake, kisha anajua aweke tofali wapi.

Nguvu ya maelekezo hayo ilionekana wazi mwaka 2016 katika maabara moja ya Marekani. Watafiti walichukua kipande cha DNA kinachowasha jeni ya kuotesha miguu, wakakitoa kwa panya, na mahali pake wakaweka kipande kama hicho kutoka kwa nyoka. Panya waliozaliwa walikuwa na miguu iliyodumaa kabisa. Waliporudisha herufi 17 tu za DNA ambazo nyoka alizipoteza katika mageuko yake, miguu ikaota tena. Umbo la mnyama mzima, basi, linaweza kutegemea swichi ndogo sana.

Uwezo wa seli kujipanga zenyewe ulijulikana zamani. Mwaka 1907 Henry Wilson wa Marekani alichukua sponji wa baharini, akawakamua kupitia kitambaa chenye matundu madogo hadi seli zikatengana. Seli zilitafutana, zikashikana, zikawa sponji tena.

Kilichobadilika katika karne hii ni uwezo wa kuziamuru. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka na Kazutoshi Takahashi wa Kyoto walionyesha kwamba jeni nne zinatosha kuirudisha seli ya ngozi ya panya katika hali ya ujana, ikawa seli shina inayoweza kugeuka kuwa karibu tishu yoyote. Mwaka uliofuata walifanya hivyo kwa seli za binadamu. Mwaka 2009 Toshiro Sato, katika maabara ya Hans Clevers nchini Uholanzi, alikuza utumbo mdogo kutoka kwenye seli shina moja ya panya. Tishu ndogo za namna hiyo huitwa oganoidi.

Mwaka 2018 kikundi cha Wendell Lim mjini San Francisco kikapiga hatua nyingine. Satoshi Toda na wenzake waliziwekea seli za kawaida kipokezi cha kubuni kinachosema: ukigusana na seli ya aina fulani, toa protini ya kushikana. Seli zilizochanganywa ovyo zikajipanga zenyewe katika tabaka hadi tatu, na bonge hilo lilipokatwa, likajirekebisha. Hapo ndipo ukuaji ulipoanza kuandikiwa programu, badala ya kuigwa tu.

Tezi inayozalisha sumu

Januari 2020 jarida la Cell lilichapisha kazi ya maabara hiyohiyo ya Clevers, katika Taasisi ya Hubrecht mjini Utrecht. Watafiti vijana Yorick Post, Jens Puschhof na Joep Beumer walikuwa wamejiuliza kama njia iliyokuza tishu za binadamu na panya ingefanya kazi kwa mtambaazi. Walianza na yai la swila mdogo wa kusini mwa Afrika, wakatoa tezi ya sumu ya mtoto aliyekaribia kuanguliwa, wakaikata vipande vidogo na kuvipanda katika jeli yenye vichocheo vya ukuaji.

Ilibidi wabadilishe jambo moja kubwa. Seli za binadamu hukuzwa katika nyuzijoto 37. Seli za nyoka hazikustawi hapo, lakini joto liliposhushwa hadi nyuzi 32 zikaanza kugawanyika. Zilijikunja zikawa vifuko vidogo vyenye uwazi katikati, kama zilivyo ndani ya kichwa cha nyoka. Vichocheo vya ukuaji vilipoondolewa, seli zilipunguza kugawanyika, zikakomaa, zikaanza kutoa protini za sumu ndani ya uwazi huo. Sumu hiyo ilijaribiwa kwenye seli za misuli na za neva, ikafanya kazi. Kwa jumla walifaulu kukuza tezi za spishi tisa za nyoka, na tishu hizo zinaweza kugandishwa, kuhifadhiwa, kisha kuamshwa na kuendelea kukua.

Jambo lililowavutia zaidi wanabiolojia ni kwamba seli zilizotoka mwanzo wa tezi na zile za mwisho wake ziliendelea kutoa mchanganyiko tofauti wa sumu hata baada ya kutenganishwa. Zilikumbuka zilikotoka. Ramani iliyochorwa na kiinitete ilibaki ndani yake.

Faida kwa tiba zinaonekana. Nyoka adimu au hatari kufugwa anaweza kuwa na hazina ya tezi zake kwenye friza. Sumu yake inaweza kuchunguzwa sehemu kwa sehemu, ili kujua ni protini ipi inayoozesha nyama na ipi inayosimamisha pumzi, kisha kingamwili zikatengenezwa kwa kila moja. Sumu pia ni chimbuko la dawa: captopril, kidonge cha shinikizo la damu kilichoidhinishwa Marekani mwaka 1981, kilitokana na utafiti wa sumu ya nyoka wa Brazil.

Mipaka nayo iko. Tezi hizi ni ndogo mno, na hazina mishipa ya damu ya kupeleka chakula katikati ya tishu, kwa hiyo haziwezi kukua kupita kiasi fulani. Kuzitunza kunataka vichocheo ghali na umeme usiokatika. Na kupata sumu ni mwanzo tu. Bado dawa lazima ibuniwe, ipimwe kwa wanyama, kisha kwa watu. Hakuna mgonjwa hata mmoja aliyetibiwa kwa dawa iliyotokana na tezi hizo.

Ngozi iliyooza na ngozi mpya

Upande wa pili wa sayansi hii ni kurekebisha kilichoharibiwa. Mgonjwa wa swila mtema mate akipoteza ngozi ya mguu, daktari wa upasuaji hutoa ngozi pajani na kuipandikiza kwenye kidonda. Kidonda kikiwa kikubwa, ngozi ya kukopa huwa haitoshi.

Ukuzaji wa tabaka la juu la ngozi maabarani ulianzishwa na Howard Green na mwenzake mwaka 1975, na watu walioungua vibaya wamefaidika nao tangu miaka ya 1980. Mwaka 2017 madaktari wa Ujerumani na Italia walitangaza kwamba wamempa mtoto wa miaka saba, aliyekuwa na ugonjwa wa kurithi wa kubanduka ngozi, ngozi mpya kwa asilimia 80 hivi ya mwili wake. Ilikuzwa kutoka kwa seli zake mwenyewe baada ya kutiwa nakala nzima ya jeni iliyokuwa na hitilafu.

Ngozi hizo hazikuwa na vinyweleo wala tezi za jasho. Mwaka 2020 kikundi cha Karl Koehler nchini Marekani kilifuata hatua za kiinitete, kikizipa seli shina za binadamu ishara moja baada ya nyingine kwa mpangilio wa tumboni. Baada ya miezi kadhaa zikawa ngozi yenye tabaka zake, mizizi ya nywele, tezi za mafuta na neva. Ilipopandikizwa kwa panya, ikaota nywele. Kazi hii bado haijafika kwa wagonjwa, lakini inaonyesha kwamba tishu yenye sehemu nyingi huweza kupatikana kwa kufuata ratiba ya ukuaji.

Yaliyo karibu na kitanda cha mgonjwa

Mkazi wa Kasigau hawezi kungoja miaka 20. Kwa bahati, ujuzi wa kusoma sumu moja moja umeanza kuzaa matunda ya karibu, mengine hapahapa Pwani. Katika Kaunti ya Kilifi, watafiti wa KEMRI-Wellcome na wenzao wa Liverpool waliwapa watu 64 wenye afya njema dawa iitwayo unithiol, ambayo hutumika kutibu sumu za metali. Dawa hiyo hunyakua madini ya zinki ambayo baadhi ya vimeng'enya vya sumu ya jamii ya vifutu haviwezi kufanya kazi bila hayo. Matokeo yaliyochapishwa yalionyesha kwamba ni salama kuendelea nayo kwenye majaribio zaidi. Inaweza kumezwa, hivyo ikithibitika itafaa zahanati ya kijijini kabla mgonjwa hajafika hospitali.

Mwaka 2024 wanasayansi wa Sydney na Liverpool walizima jeni za seli za binadamu moja baada ya nyingine ili kuona sumu ya swila inahitaji nini ili iue seli. Waligundua kwamba dawa za jamii ya heparini, zinazotumika kuzuia damu kuganda, hupunguza kuoza kwa ngozi ya panya. Miongoni mwa sumu walizotumia ni ya swila mwekundu, yule wa nyika ya Tsavo. Na mwaka 2025 kikundi kilichoongozwa kutoka Denmark kilichanganya kingamwili nane ndogo zilizotokana na alpaka na lama, zikawakinga panya dhidi ya sumu za nyoka 17 kati ya 18 wa Afrika wa jamii ya swila na koboko. Kingamwili hizo huzalishwa na vijidudu maabarani, bila kuhitaji farasi wapya kila mara.

Ukiumwa leo

Kabla dawa hizo hazijafika, ushauri wa wataalamu ni huu:

- Ondoka alipo nyoka. Usimfukuze wala kujaribu kumkamata.
- Tulia, na usitumie kiungo kilichoumwa. Kifunge kwenye ubao au fimbo kisicheze.
- Vua pete, bangili, saa na viatu kabla uvimbe haujaanza.
- Usifunge kamba ya kuzuia damu, usichanje, usinyonye, na usipoteze muda kwa jiwe jeusi.
- Mate ya swila yakiingia machoni, osha kwa maji mengi safi mara moja, kisha uende hospitali.
- Mgonjwa apelekwe haraka kwenye hospitali yenye dawa, kama vile ya rufaa ya Moi mjini Voi. Pikipiki inafaa iwapo gari halipo, mgonjwa akikaa katikati ya dereva na mtu wa kumshika.
- Ili usiumwe, lala kitandani na chini ya chandarua kilichochomekwa vizuri, vaa buti shambani, na tembea na tochi usiku.

Kenya ishike nafasi yake

Sayansi hii inahitaji kitu ambacho Taita Taveta inacho: nyoka wenyewe, katika utofauti wao wa mahali hadi mahali. Sumu ya spishi moja huweza kutofautiana kati ya eneo na eneo, kwa hiyo hazina ya tezi za nyoka wa Ulaya au wa madukani haitatosha kuwatibu watu wa Tsavo. Tayari Kenya ina kituo cha utafiti wa kuumwa na nyoka, K-SRIC, katika taasisi ya utafiti wa nyani iliyoko Karen, Nairobi. Ina Bio-Ken yenye uzoefu wa miongo minne wa kukamata na kukamua nyoka. Ina Chuo Kikuu cha Taita Taveta kule Ngerenyi. Wakikutanishwa na kupewa fedha, wanaweza kuanzisha hazina ya seli na tezi za nyoka wa nchi hii, chini ya vibali vya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS).

Vibali hivyo viandikwe kwa uangalifu. Vijidudu kutoka maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa vilitoa vimeng'enya vilivyofanyiwa biashara ng'ambo kwa kufubaza jinzi, na mwaka 2004 KWS ilijikuta ikidai mgao wa faida baada ya mambo kutendeka. Tangu 2014 unatumika Mkataba wa Nagoya, ambao Kenya ni mwanachama wake, unaotaka mgao ukubaliwe kabla ya sampuli kuondoka. Kwa nyoka, mgao wenye maana ni dawa: wanaotoa sumu na kubeba hatari ya kuumwa wawe wa kwanza kuipata, kwa bei ya zahanati ya umma.

Na serikali ya kaunti ina wajibu usiongoja ugunduzi wowote. Ihakikishe hospitali zake zina dawa iliyothibitishwa dhidi ya nyoka wa hapa, friji inayofanya kazi, adrenalini, na wahudumu waliofunzwa kuitumia. Iandikishe kila anayeumwa, kwa kijiji na kwa aina ya nyoka, maana dawa huagizwa kwa hesabu, na asiyehesabiwa haagiziwi. Utrecht wameonyesha kwamba tezi ya sumu inaweza kuota bila nyoka. Kuifanya elimu hiyo imwokoe mkata mkonge wa Mwatate ni kazi ya bajeti, sheria na uongozi, na kazi hiyo inaweza kuanza katika mwaka huu wa fedha.